Mpira ukiwa juu ya ringi

Mji wa Bukoba umeutangulia mpira wa kikapu kwa mwaka mmoja na ushei. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani pale kando ya ziwa Novemba 1890. Desemba 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu Mkanada James Naismith aliomba maboksi mawili kwa ajili ya mchezo mpya, mtunza jengo akamletea makapu ya mapichi, naye akayapigilia kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi wa chuo cha YMCA. Kimo cha roshani ile, mita 3.05, ndicho kilichomo kwenye kanuni hadi leo.

Sheria zake 13 zilichapwa katika gazeti la chuo Januari 1892. Mwezi huohuo Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, Buganda, vita vilivyomsukuma Askofu Hirth na wamisionari wake kusini hadi Kashozi, karibu na Bukoba, wakafungua misheni kabla mwaka haujaisha. Misheni zikazaa shule. Ukitaka kuona ugomvi wa ringi mkoani Kagera, nenda huko shuleni msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, Muleba inapokutana na Bukoba. Mpira umetua juu ya ringi, unazunguka, mlinzi wa Muleba anaruka na kuupangusa. Nusu ya watazamaji wanadai pointi mbili, nusu nyingine wanamshangilia mlinzi.

Wengi hudhani kanuni ya kutoingilia kapu ililetwa na warefu. Sivyo. Imo katika sheria ya nane ya Naismith, wakati bado hakuna aliyefikiria kulifikia kapu kwa mkono. Sheria ile ilisema goli ni halali mradi wanaolinda hawajaligusa wala kulitikisa kapu, na kwamba mpira ukikaa ukingoni kisha mpinzani akalisogeza kapu, goli lihesabiwe. Kilichokuwa kikilindwa ni kapu, wala si mpira. Wakorofi wa kwanza nao hawakuwa wachezaji. Watazamaji waliojaa roshani waliinama na kuusukuma mpira, timu yao iingize, wageni wakose. Ubao tunaoupigia mpira leo uliwekwa miaka michache baadaye ili kuwazuia hao.

Warefu walikuja baada ya nusu karne. Bob Kurland wa Oklahoma A&M, mwenye sentimita 213, alisimama chini ya goli na kuokota mipira hewani ikiwa inashuka kuingia. George Mikan wa DePaul alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1944 vyuo vya Marekani vikapiga marufuku kuugusa mpira unaoshuka golini. Waliotarajia Kurland apotee waliaibika: timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo 1945 na tena 1946. Vyuo hivyo vilikwenda mbali zaidi mwaka 1967 vikakataza hata kudunki, katazo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la kipuuzi, na likafutwa 1976.

Sisi tunaye wetu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, sentimita 221, alijenga jina kwa kuzuia mitupo. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mwaka 2008 na 2009, kisha Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009. Kwa mlinzi wa namna hiyo, sekunde moja kabla ya mpira kuanza kushuka ni bloku safi, na sekunde moja baadaye ni zawadi ya pointi kwa mpinzani.

Tangu hapo vijana wetu walianza kuitazama NBA kwa macho mapya, na hapo ndipo ubishi ulipopata mbolea. NBA hairuhusu mtu kuugusa mpira ulio juu ya ringi ukiwa bado unaweza kuingia. FIBA, shirikisho la kimataifa ambalo kanuni zake ndizo zinazotumika Tanzania, inaruhusu: mpira uliotupwa ukishagusa ringi, mlinzi anaweza kuupangusa na mshambuliaji anaweza kuusukumia ndani. Kwa hiyo yule mlinzi wa Muleba hana kosa, hata kama televisheni inasema vingine.

Atakuwa na kosa akiishika ringi au ubao wakati mpira uko juu ya ringi, akipenyeza mkono ndani ya kapu kutoka chini na kuugusa mpira, au akiutikisa ubao kwa namna ambayo, kwa maoni ya mwamuzi, imeuzuia mpira kuingia. Hili la mwisho ndilo gumu kwetu. Ringi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bomba hutikisika kama mgomba kwenye upepo hata pasipo mtu kuigusa, na refa aamue ni mkono au ni chuma. Na honi ya mwisho ikilia mpira ukiwa hewani, ruhusa yote inafutwa: ukigusa ringi huku ukiwa na nafasi ya kuingia, uachwe.

Panapokuwa na waamuzi wawili, aliye chini ya goli huangalia miguu na viwiko. Njia ya mpira na ringi ni kazi ya mwenzake aliye nyuma, upande wa katikati ya uwanja. Watazamaji waliopanga mstari nyuma ya goli humzomea refa aliye karibu nao, na filimbi inatoka kwa yule wa mbali.