Jogoo Mzee, Moto Mdogo: Historia ya Jiko la Shinyanga

Wafaransa wana chakula wakiitacho coq au vin, yaani jogoo katika mvinyo. Leo kinauzwa kwa bei kubwa katika mahoteli, na Marekani kilipata umaarufu baada ya mwaka 1961, pale Julia Child, Simone Beck na Louisette Bertholle walipochapisha kitabu chao cha upishi wa Kifaransa. Zipo simulizi zinazokihusisha na Julius Caesar, lakini hazina ushahidi. Mantiki ya chakula chenyewe ni ya jiko la mkulima: jogoo amezeeka, nyama yake ni ngumu, na hakuna anayekubali kuitupa.

Upishi wake hauna siri. Jogoo hukatwa vipande, akalowekwa usiku kucha katika mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu, karoti, kitunguu saumu na majani yenye harufu. Asubuhi vipande hukaushwa na kukaangwa katika mafuta ya nguruwe mpaka vigeuke rangi. Hunyunyiziwa unga wa ngano kidogo, mvinyo ule ule hurudishwa sufuriani, kisha chungu hufunikwa na kuachwa juu ya moto mdogo kwa saa mbili, tatu au zaidi. Uyoga huingia mwishoni. Katika saa hizo kano na ngozi nene hulainika na kuufanya mchuzi uwe mzito. Kuku wa kisasa wa wiki sita hafai kwa kazi hii. Atasambaratika kabla mvinyo haujaiva.

Mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita akitaka kukipika nyumbani, hatakosa jogoo mzee wa kienyeji. Mvinyo mwekundu utatoka Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu ya Wagogo. Asiyetumia pombe au nguruwe ataweka ukwaju na mafuta ya alizeti, na kanuni itabaki ile ile. Kigumu kupatikana ni kile ambacho vitabu vya upishi havikiandiki katika orodha ya mahitaji: saa tatu za moto. Mwanahistoria anapaswa kuuliza kuni za saa hizo zilitoka wapi, na ni nani aliyeketi mbele ya moshi.

Tuanze na kuni. Usukuma haikuwa nchi tupu tangu awali. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, ikiongozwa kitaalamu na Charles Swynnerton, iliifanya Shinyanga kituo cha vita dhidi ya mbung'o. Mapori yalifyekwa ili kumnyima mdudu huyo kivuli. Nyuma ya shoka zikaja ng'ombe, kisha pamba. Migodi nayo ikadai sehemu yake: dhahabu ya Geita tangu miaka ya 1930, almasi ya Mwadui tangu 1940. Hata leo mchimbaji mdogo hushikilia kuta za duara lake kwa matimba, yaani magogo, na mji wa wachimbaji hula chakula kilichopikwa kwa mkaa. Kufikia miaka ya 1980 watu waliiita Shinyanga jangwa.

Hapo ndipo ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986. Ulifaulu kwa sababu uliheshimu elimu ya wenyeji: ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae wakati wa kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshwa. Ni moja ya kurasa chache za historia yetu ambazo mtumishi wa umma anaweza kuzisoma bila kuinamisha kichwa.

Sasa tuje kwa aliyeketi mbele ya moshi. Kuni zilipoadimika, kaya nyingi ziligeukia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, vitu vyenye moshi mkali. Mwanamke aliyepika hivyo kwa miaka arobaini alifika uzeeni akiwa na macho mekundu. Katika mikoa hii hii, macho hayo yamechukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi, na vikongwe wamekatwa mapanga. Waganga wa ramli chonganishi wana hatia yao, na ugomvi wa ardhi na urithi una sehemu yake. Lakini alama iliyotumika kumhukumu bibi ilitokana na kazi yake ya kuwalisha hao hao waliomhukumu. Sijui shtaka la kikatili zaidi ya hilo.

Mei 2024, jijini Paris, katika nchi ya huyo jogoo wa mvinyo, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika. Mwezi huo huo serikali yetu ilizindua mkakati wa miaka kumi, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema. Hofu yangu ni kwamba tutapima mafanikio kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa mbele ya kamera. Mtungi mdogo huchemsha chai na kukaanga mayai. Maharage, makande na jogoo mzee hudai saa nyingi, na gesi inapokwisha mama hurudi kwenye mafiga yake. Kwa hiyo afisa wa halmashauri aulize kwanza kaya inapika nini na kwa saa ngapi, ndipo aamue kati ya gesi, sufuria ya presha ya umeme na jiko banifu.

Historia ya HASHI inatufundisha kwamba watu wa Shinyanga hawapingi mabadiliko yanayoanza na maisha yao. Wafaransa waliandika na kukitukuza chakula cha wakulima wao. Sisi hatujaandika hata saa ambazo bibi zetu walizitumia mbele ya moto. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya utafiti waanzie hapo, wakati wapishi wenyewe wangali hai kuulizwa.