Seva ya kushirikiana: usimpe MySQL RAM yote



Mwaka jana, siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne, tovuti yetu ilidondoka mara sita ndani ya saa moja. Mdogo wangu alikuwa kafe moja huko Mbagala, kalipia buku yake, muda ukaisha anaangalia ukurasa mweupe. Kosa halikuwa la kafe wala la mtandao. Lilikuwa langu mimi, nimeliandika kwa mkono wangu kwenye faili la my.cnf. Nawamwagia hapa ili yasiwakute.

Seva yetu ni ndogo, ina RAM ya MB 2048. Humo wamo wapangaji wanne: Linux yenyewe, Apache na PHP, barua pepe, na MySQL. Ni kama nyumba ya kupanga yenye simtanki moja: mmoja akijaza ndoo zake zote, wengine hawaogi.

Nilikuwa nimesoma kwamba innodb_buffer_pool_size, yaani sehemu ambayo MySQL inatunza data ili isiende kwenye diski kila mara, inaweza kufika asilimia 80 ya RAM. Ni kweli, ila ushauri huo ni wa seva inayoendesha databezi peke yake! Mimi nikaweka MB 1600 bila kufikiria wapangaji wengine.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Nilipandisha sort_buffer_size na join_buffer_size hadi MB 4 kila moja. Kumbe hizi hazitengwi mara moja kwa seva nzima. Kila muunganisho unaweza kuchukua zake pale unapozihitaji. Kwa kawaida max_connections ni 151. Piga hesabu: 151 mara MB 8 ni MB 1208. Jumlisha na zile 1600, unapata MB 2808. Na Apache bado hajala!

Siku za kawaida watu ni wachache, kwa hiyo mambo yalikuwa shwari. Siku ya matokeo watu wakajaa, RAM ikaisha, Linux ikaua programu iliyokula kumbukumbu nyingi kuliko zote, ambayo ni MySQL. Ushahidi niliukuta kwa amri ya dmesg: "Out of memory".

Hesabu niliyotumia kurekebisha ni hii. Anza na wengine, databezi iwe ya mwisho:

- Linux: MB 250
- Barua pepe: MB 250
- PHP: michakato 15, kila mmoja kama MB 40, jumla MB 600
- innodb_buffer_pool_size: MB 512

Jumla ni MB 1612. Zile MB 400 na ushei zinazobaki ni za matumizi mengine ya MySQL, pamoja na akiba. Sort na join nikazirudisha KB 256, max_connections nikaishusha hadi 40, na Apache nikaifunga isizidi michakato 15. Afadhali mtu asubiri foleni sekunde chache kuliko seva nzima ife.

Namba za kwako zitakuwa tofauti, usinakili zangu. Pima kwa free -m wakati watu wamejaa, sio usiku wa manane. Angalia pia Max_used_connections ujue mliwahi kufika wangapi kwa pamoja. Halafu linganisha Innodb_buffer_pool_reads na Innodb_buffer_pool_read_requests. Ya kwanza ni safari za kwenda diski. Ikiwa ndogo sana mbele ya ya pili, MB ulizotoa zinatosha, usiongeze kwa tamaa.

Angalizo: ukikutana na makala ya zamani inayosema uongeze query_cache_size, ipite. MySQL 8.0 ya mwaka 2018 iliiondoa kabisa, na ukiacha mstari huo kwenye my.cnf databezi haiwaki.

Mdogo wangu matokeo aliyapata kesho yake, kapasua. Buku yake nimemrudishia. Mwenye swali au hesabu za seva yake, atupie hapo chini tukokotoe pamoja.