Msomaji na Muumini: Dini, Shule na Ukanaji Mungu katika Nchi ya Mlima Kenya

Katika lugha ya Kikuyu, Mkristo wa kwanza hakuitwa muumini wala mfuasi. Aliitwa mũthomi, yaani msomaji, na wenzake wakawa athomi. Jina hili lina ndugu yake katika Kiganda, ambamo walioingia dini mpya katika karne ya 19 waliitwa abasomi. Misheni ilileta kitabu na Mungu katika mzigo mmoja, na aliyetaka kimoja hakuwa na budi kukibeba na cha pili. Ndiyo sababu suala la nafasi ya dini katika jamii ya kisasa, ambalo wanafalsafa wa Ulaya walilijadili kwa kuuliza kama Mungu yupo, lilizuka huku kwa sura nyingine kabisa: shule ni ya nani?

Kangari, soko la Kigumo katika Murang'a, kwenye miteremko ya chai chini ya Nyandarua, limo katika eneo lililolijua swali hilo mapema. Mapadre wa Konsolata kutoka Italia walifika Tuthu mwaka 1902. Waanglikana wa CMS walijenga Weithaga na Kahuhia. Na upande wa Kandara, Africa Inland Mission ilikuwa na kituo cha Githumu. Mwaka 1929 baadhi ya misheni za Kiprotestanti, zikiongozwa na Waskoti wa Thogoto, ziliwataka waumini waahidi kuikataa tohara ya wasichana. Waliotia alama ya kidole gumba waliitwa kĩrore, kwa jina la alama yenyewe. Waliokataa wakaitwa aregi. Aliyekataa alitengwa na ushirika, na mara nyingi mtoto wake akaikosa shule. Haifai kuficha kwamba desturi iliyotetewa iliwaumiza wasichana, na kwamba sauti za wasichana hao hazisikiki sana katika maandishi ya pande zote mbili.

Hata hivyo, wengi wa aregi hawakumkana Mungu. Walichokataa ni mamlaka ya mmisionari juu ya kitabu. Mwaka 1934 ilianzishwa Kikuyu Independent Schools Association, ambayo rais wake alikuwa Johanna Kunyiha wa Nyeri na mojawapo ya ngome zake ilikuwa Gituamba katika Murang'a. Huko Kiambu, Kikuyu Karing'a Educational Association ilisimamia shule zake yenyewe. Na watu hawa, waliokwisha kuwa huru na misheni, walitafuta nini kwanza? Walitafuta askofu. Daniel William Alexander wa African Orthodox Church alitoka Afrika Kusini mwaka 1935, akawafundisha na kuwabariki makasisi, na alipoondoka mwaka 1937 yalibaki makanisa mawili yaliyoshindana. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, waumini wa Githumu nao walijitenga na Africa Inland Mission, wakaunda African Christian Church and Schools. Jina hilo halihitaji ufafanuzi. Wanaowaeleza aregi kuwa waasi wa Ukristo, basi, wameisoma nusu ya hati. Uasi wao ulilegeza kifundo kati ya kitabu na misheni, lakini kile cha kitabu na Mungu waliukaza wenyewe. Shule hizo za kujitegemea zilifungwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Kifundo cha pili kiliguswa baada ya uhuru, na kwanza na serikali, si na wanafikra. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliyaondolea makanisa umeneja wa shule na kuyaachia nafasi ya mdhamini.

Miaka miwili baadaye, mwezi Machi 1970, mwandishi aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki mjini Nairobi, akatamka kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Alieleza jinsi kanisa lilivyohubiri upendo huku likishirikiana na ukoloni. Mzee mmoja alimjibu kwa ghadhabu: mbona anaitwa James? Pigo hilo lilikuwa la kiisimu hasa. Mzee alimkumbusha kwamba jina lake lilikuwa limekwisha kuungama kwa niaba yake, na Ngũgĩ, kwa kuliacha jina hilo, alikubali kwamba mzee alikuwa na hoja. Katika muda huohuo Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa akiwashutumu wasomi, John Mbiti miongoni mwao, kwa kuwavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki. Hoja ya Okot ilikwenda mbali kuliko ya Ngũgĩ. Ngũgĩ alilihukumu kanisa kwa matendo yake, ilhali Okot alitilia shaka ile dhana kwamba Mwafrika ni mcha Mungu kwa maumbile.

Lugha haikuwa tayari kuwapokea watu hao. Kafiri ni neno la Mwislamu juu ya aliye nje ya imani yake. Mpagani ni la mmisionari juu ya ambaye hajafikiwa. Hakuna hata moja linalomtaja mtu aliyefikiwa, akapima, akakataa. Mkana-Mungu linamtaja kwa kile anachokikana tu. Na anayetaka kuzungumzia elimu au sheria isiyo ya kidini hulazimika kusema ya kidunia au ya kilimwengu, maneno ambayo mimbari imekwisha kuyatia doa, kwani walimwengu katika Kiswahili hawasifiwi. Kikuyu kwa upande wake kimeazima ndini kutoka Kiswahili, na aulizwaye ndini yake huelekea kutaja dhehebu.

Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kenya haina dini ya taifa, ingawa utangulizi wake unaanza kwa kukiri ukuu wa Mungu. Mwaka 2016 chama cha wasioamini kilisajiliwa, na miezi michache baadaye usajili wake ukasitishwa kwa madai kwamba kilihatarisha utulivu. Jina kilichosajiliwa nalo ni la Kiingereza: Atheists in Kenya Society.