Mbwa Asiyebweka na Bomba la Broad Street

Riwaya ya upelelezi na kazi ya kukusanya data, yaani taarifa zinazohesabiwa na kupangwa ili zijibu swali, zina undugu wa karibu, kwa kuwa zote mbili zimepitia mikononi mwa watu wa tiba. Arthur Conan Doyle, aliyemtambulisha mpelelezi Sherlock Holmes katika riwaya ya mwaka 1887, alisomea udaktari Edinburgh chini ya Joseph Bell, mwalimu aliyesifika kwa kutambua kazi ya mgonjwa kwa kumtazama tu; na Zanzibar, mwandishi wa riwaya za upelelezi Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kwa takriban miaka kumi kabla ya kuingia katika uandishi wa habari.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, maiti ya tajiri inakutwa mzimuni, yaani mahali pa kutambikia, na watu wana jibu kabla swali halijaulizwa. Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, hakubali kuanza na jibu hilo, bali huwarudia watu waliomzunguka marehemu na kuwahoji. Hapo ndipo miradi mingi ya data inapoharibika, kwa sababu wakubwa huwa wameshaamua, na watakwimu hutumwa kutafuta tarakimu za kuupamba uamuzi huo.

London ya mwaka 1854 nayo ilikuwa na jibu lake tayari: kipindupindu, ilisemekana, huletwa na hewa chafu. Ugonjwa ulipozuka Soho mwishoni mwa Agosti, daktari John Snow, aliyeshuku maji, alichukua kutoka ofisi ya usajili orodha ya vifo 83, akaona kwamba karibu vyote vilitokea jirani na bomba la Broad Street, isipokuwa 10 vya watu walioishi karibu zaidi na bomba jingine. Na alipowafuata jamaa za hao 10, familia tano zilimweleza kwamba daima zilituma watu kuchota Broad Street.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba Snow aliwatafuta hata wasiokufa. Katika hadithi ya mwaka 1892, Holmes anamtambua mwizi wa farasi kwa sababu mbwa wa zizini hakubweka usiku ule, na hivyo aliyeingia alikuwa mtu anayemjua. Mbwa wa Snow alikuwa kiwanda cha bia cha mtaa uleule, ambacho wafanyakazi wake zaidi ya 70 hawakufa hata mmoja, kwa kuwa walikunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Orodha ya vifo peke yake isingeweza kamwe kulionyesha jambo hilo, maana orodha huandika kilichotokea tu, na mtakwimu asiyetoka ofisini hawezi kukiona kisichoandikwa.

Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba, wakati ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, na wakuu wa afya hawakushawishika. Aliyeikamilisha kazi hiyo alikuwa Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa mtaa, ambaye alianza uchunguzi wake akiamini kwamba Snow amekosea. Kwa kuwa wakazi walimfahamu na kumfungulia milango, aliweza kurudi nyumba ileile mara kadhaa, hata akagundua kwamba katika nyumba namba 40 mtoto mchanga aliugua kabla ya mlipuko, na maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Kwa ushahidi huo, Whitehead aliacha shaka yake na kusimama upande wa Snow.

Miaka 15 baada ya mlipuko wa Soho, kipindupindu kilifika Zanzibar, na daktari James Christie, katika kitabu chake cha mwaka 1876, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo bara na pwani kwa masimulizi ya wafanyabiashara na wasafiri wa misafara, watu ambao hakuna ofisi iliyokuwa imeandika habari zao.