Kumbukumbu za Forodha Busia na Malaba: Kutoka Karatasi hadi Diski

Mpaka wa Busia na Malaba ulitokana na uamuzi wa mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Lakini kwa kuwa forodha za pande hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1917, ni baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 ndipo mpaka huo ulipokuwa kizuizi kikubwa cha mizigo, na hati zikarundikana kila upande.

Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoanza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, huku Uganda ikitumia ASYCUDA, mfumo uliobuniwa na Umoja wa Mataifa, kumbukumbu zilizidi kuhamia kwenye diski, yaani sahani zenye sumaku zinazozunguka ndani ya kompyuta. Namna diski inavyopokea hati ni jambo linalopitwa haraka mno na wanaoandika historia ya biashara. Programu ya forodha haiigusi diski yenyewe, bali mfumo endeshi huigawa hati katika vipande, kwa desturi vya baiti 512, kisha huipelekea diski amri za msingi, kama vile kusoma na kuandika, pamoja na namba ya mahali pa kila kipande. Kwa kompyuta za kawaida za ofisini, amri hizo zilisanifishwa Marekani mwaka 1994 kwa jina la ATA, ili diski ya kiwanda chochote izitii. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayoilazimisha diski kuhamishia kwenye sahani data iliyo bado katika hifadhi ya muda, kwani bila hiyo diski huweza kujibu kwamba imeandika, umeme ukakatika, na hati ya mzigo ikapotea.

Baadaye mfumo wa kubadilishana data wa RADDEx uliunganisha kumbukumbu za nchi hizo. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ikaanza mwaka 2014, na Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha Busia.

Karatasi huchomwa ikaisha, lakini faili lililofutwa kwa kawaida hupoteza anwani yake tu, huku maandishi yakibaki kwenye diski hadi mengine yaandikwe juu yake, na ndiyo maana ATA iliongezewa amri ya kufuta diski nzima. Kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, mawakala wa forodha wa Busia na Malaba upande wa Kenya wanaouza kompyuta kuukuu hawana budi kuhakikisha kwanza kwamba data binafsi imefutwa, na amri hiyo ni njia moja ya kufanya hivyo.