Mpagazi, Manamba na Roboti

Mwezi Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck, likitokea upande wa Songea, lilipita Ubena, nchi ambayo leo ndimo zilimo Kifanya na Njombe. Jenerali Wahle aliachwa huko kwa ugonjwa, na jina lake limehifadhiwa katika vitabu vya vita hivyo. Waliobeba risasi, unga na majeruhi hawakuhifadhiwa. Waingereza nao walikuwa na kikosi chao cha wabebaji, Carrier Corps, ambacho kwetu kumebaki kwacho jina la Kariakoo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sisi twaenda huko kununua vitenge.

Upagazi haukuwa siku zote utumwa. Wanyamwezi waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo katika karne ya 19 walikuwa mafundi wa safari, wenye viongozi, ujira na hata migomo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, soko la ufundi huo lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyewaita kujadiliana.

Kisha mkonge. Wabena wengi walikwenda kufanya kazi mashambani Tanga, na kuanzia 1944 chombo cha wamiliki wa mashamba, SILABU, kiliwaandikisha na kuwasafirisha. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Mkataji alibeba mafungu ya majani hadi kwenye reli ndogo ya shamba, kisha toroli likayafikisha korona. Tuutazame vema mgawanyo huo: chuma kilichukua njia iliyonyooka, mwili wa mtu ukaachiwa miiba.

Mwaka 2012 Amazon iliinunua Kiva Systems kwa dola milioni 775. Roboti zake, fupi na bapa, huingia chini ya rafu, huiinua na kuipeleka kwa mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja, zikiongozwa na alama za sakafuni. Za kizazi kipya hujitafutia njia kwa kamera na leza. Mfanyakazi amepumzishwa miguu, lakini sasa kasi ya mikono yake yapangwa na rafu zinazowasili.

Makambako sijaziona. Huko vijana bado hupakia mbao na magunia kwenye malori. Wala siitetei ngata; asiyewahi kubeba gunia asiwasifie wengine uzito wake. Swali langu ni la kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Kijana anayelipwa kwa gunia, leo na tajiri huyu, kesho na yule, hamo katika orodha ya mwajiri yeyote. Hana hata ile namba aliyopewa babu yake kwenye mkonge.