Nembo

Kabla ya kuwa alama ya kampuni au ya nchi, nembo ilikuwa chale za mwilini. Wamakonde huziita dinembo. Bibi yangu wa Newala alichanjwa mashavuni, kisha unga wa mkaa ukasuguliwa ndani ya jeraha ili mistari ibaki nyeusi. Alipokuja shuleni kuniona, niliwaambia wenzangu ni jirani. Hilo linaniuma hadi leo. Miaka baadaye, ukutani mwa ofisi moja, nikaitazama ile ngao yenye maneno Uhuru na Umoja. Nembo ya Taifa! Neno lilelile nililolionea haya usoni mwa bibi. Picha yake sasa ipo sebuleni, na wajukuu hufuata mistari ile kwa kidole.